Muulize Musawo (mhudumu wa afya): Dereva wa lori, figo na chakula cha barabarani

Musawo habari. Mimi ni dereva wa lori, nabeba mizigo kutoka Malaba mpaka Kampala, mara nyingine safari inapitiliza hadi Mbarara na Katuna. Nina miaka 46, kilo 75. Nilienda kupima presha tu, ikawa 158 kwa 96, wakaniambia nipime na figo, majibu yakaja ati ni ugonjwa sugu wa figo hatua ya tatu, kwenye karatasi wameandika eGFR 38, yaani kiwango figo zinavyochuja, na potasiamu 4.6. Daktari akanipa losartan ya presha akasema punguza chumvi, basi, watu walikuwa wengi nje nikatoka. Kufika nyumbani shemeji yangu akanitumia orodha kwa WhatsApp ya vitu ambavyo mgonjwa wa figo hatakiwi kula: ndizi, maharage, nyama, mayai, viazi, maziwa, avokado, nyanya. Nikauliza sasa nimebakiwa na nini, hewa? Miezi mitatu nikala posho (ugali) na kabeji, nikapungua kilo 6, mwili hauna nguvu hata ya kufunga turubai, halafu nikachoka nikarudi kwenye rolex yangu, ile chapati ya kukunjwa na mayai, na kuku wa barabarani pale Namawojjolo kama zamani, mke wangu akijua analia. Siku nne kwa wiki silali nyumbani, nani atanipikia? Niambie ukweli tu, naweza kula barabarani ama niache kazi?
*Dereva, Tororo*

Ssebo dereva, kazi usiache. Ile orodha ndio uiache, na shemeji umshukuru kwa moyo wake mzuri lakini umwambie figo zako si za yule mtu aliyeandikiwa.

Mimi nimekaa wodi ya figo miaka mingi kabla ya kustaafu na nimeona hizo orodha zikizunguka tangu enzi za kufotokopi, sasa ziko kwenye simu, na shida yake ni moja, zinachanganya wagonjwa wote kwenye chungu kimoja. Mtu ambaye figo zinachuja 38 kama wewe na mtu ambaye zimeshafika chini ya 15 na anasafishwa damu kwa mashine, hao wanakula tofauti kabisa, na kuna vitu mmoja anakatazwa mwenzake anaambiwa aongeze. Chukua ile karatasi yako uisome tena. Potasiamu 4.6 iko ndani ya kiwango, maabara nyingi zinahesabu kawaida kuwa 3.5 mpaka 5 na kidogo. Kwa hiyo leo hii hakuna sababu ya kukukataza ndizi wala nyanya, ingawa zina potasiamu. Nasema leo hii kwa sababu losartan yenyewe inaweza kuipandisha potasiamu, ni dawa nzuri inalinda figo usije ukaiacha, ila kila ukienda kliniki uliza "potasiamu ni ngapi?" na uandike mahali. Ikivuka 5 hapo ndio tutaanza kuongea habari ya gonja na matooke, yaani ndizi za kuchoma na za kupika.

Na zile kilo 6 hazinifurahishi. Mwili ukikosa chakula unakula misuli yake wenyewe. Kwa hatua yako protini inatakiwa kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa kilo 75 ni gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, paja la kuku na mguu wake linaweza kufika 25 na zaidi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Unaona? Hujakatazwa nyama, umekatazwa kula kama uko kwenye harusi kila siku, kuku mzima jioni baada ya rolex ya mayai manne asubuhi na maharage mchana, hapo ndio umepitiliza.

Sasa tuje kwenye chumvi maana hapo daktari wako alisema neno la maana sana, tatizo hakulimalizia. Kipimo cha siku nzima ni gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ndani hesabu kila kitu, chapati, mchuzi, karanga, mkate, vyote. Chumvi ikizidi mwili unashika maji, presha inapanda, na presha ndiyo inazimaliza figo polepole huku huoni maumivu yoyote. Nilimuuliza kijana anayechoma chapati karibu na kwangu, akasema kilo mbili za unga anatia vijiko viwili vya chai anatoa chapati ishirini. Piga hesabu, nusu gramu kwa chapati moja. Si mbaya! Rolex ya chapati mbili ni gramu moja, kisha anashika chumvi kwa vidole vitatu anatupa kwenye mayai, na hiyo vidole vitatu inategemea vidole vya nani.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndio jibu lenyewe. Ukisimama mbele ya chakula chochote barabarani usiulize "hiki kizuri ama kibaya kwa figo", jiulize chumvi imeingia saa ngapi. Kama iliingia kabla hujafika huna la kufanya, umeikuta. Kama bado iko kwenye kopo pembeni, mwenye neno ni wewe. Watu wanadhani barabarani ndio pabaya kuliko hoteli kubwa yenye kiyoyozi na kuku wa kwenye boksi, mimi naona kinyume. Yule kuku wa boksi alilowekwa chumvi jana, akavingirishwa kwenye unga wenye chumvi, hata ukimwomba yule msichana wa kaunta afanye nini, hawezi. Lakini mtu wa rolex anavunja mayai mbele ya macho yako, unamwambia "ssebo, yangu usitie chumvi, ongeza kitunguu na pilipili hoho" na anafanya, hakuna cha kuogopa.

Tembea na mimi kwenye hiyo njia yako.

Asubuhi Malaba foleni haijasonga, watu wanakunywa mulokonyi. Najua inavyonukia, usinielezee. Ila supu ya kwato imechemka usiku kucha na chumvi yake na vile vidonge vya supu, na kidonge kimoja karibu nusu yake ama zaidi ni chumvi tupu. Ukishindwa kabisa kujizuia, kula zile nyama zilizomo, supu iache kwenye bakuli. Mimi ningekula rolex ya mayai mawili bila chumvi na chai. Tena mayai ya kuchemsha yale watoto wanapitisha kwenye beseni ndio chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa dereva, kwa sababu chumvi iko kwenye kikaratasi peke yake, hujafungua hujaila.

Mchana Bugiri au Iganga najua ni kikomando, si ndio? Chapati iliyokatwa katwa na maharage juu, bei rahisi, tumbo linajaa mpaka jioni. Maharage yenyewe si adui, kwa hatua yako yanafaa. Ila sufuria ile ilishatiwa chumvi, na wengine wanatia magadi ili yaive haraka wasimalize makaa, magadi nayo ni sodiamu ileile ya kwenye chumvi kwa njia nyingine, hata kama ulimi hauisikii. Kwa hiyo omba maharage yaliyokauka usiloweshewe mchuzi, chapati moja badala ya mbili, ama bora zaidi uombe yale maharage kwa posho, maana posho kwa kawaida inapikwa bila chumvi kabisa. Mchele mara nyingi wanautia chumvi, uliza.

Halafu Namawojjolo, wanakuja mbio dirishani na vijiti kabla hujashika hata breki. Kuku na maini vimepakwa chumvi na viungo kabla ya kwenda kwenye moto, imeshaingia, kwa hiyo kijiti kimoja, ngozi uivue maana hapo ndio viungo vingi vimekaa, na isiwe kila safari. Gonja je? Gonja iliyochomwa haina chumvi hata punje! Ile ndizi shemeji amekukatazia ndiyo salama kuliko vyote kwenye lile dirisha, kwa potasiamu yako ya sasa. Na muhogo wa kuchoma, na mahindi. Ukienda upande wa Masaka pale Lukaya ni mambo yaleyale.

Karanga kunywea soda mnazopenda na taniboi wako, tafuta za kukaangwa kavu bila chumvi, zipo, zinauzwa kwenye vikavera vidogo. Soseji usiniulize. Soseji na nyama zote za kusindikwa zina chumvi na pia fosfeti za kiwandani, yaani fosforasi, madini ambayo figo dhaifu zinashindwa kuyatoa vizuri, na hiyo ya kiwandani mwili unaifyonza karibu yote, wakati ile ya asili iliyo ndani ya maharage sehemu kubwa inapita tu. Soda nyeusi aina ya kola nayo inatiwa asidi ya fosfori. Sisemi soda nyeupe ni dawa, sukari ni ileile, nasema tu kama siku hiyo lazima unywe, ya rangi nyingine ina nafuu kidogo.

Maji kunywa ukisikia kiu. Usijilazimishe malita na malita eti kusafisha figo, na usijinyime pia kwa kuogopa kusimama kukojoa, madereva mna hiyo tabia.

Kitu kimoja hukuniuliza nami nakiuliza. Mgongo unauma? Sijaona dereva wa lori ambaye mgongo haumuumi, na dawa yenu naijua, mnasimama duka la dawa mnanunua diclofenac ama ibuprofen mnameza kama pipi. Ssebo hiyo ni mbaya kwa figo zako kuliko rolex mia, na ukiichanganya na losartan ndio mbaya zaidi. Mwambie daktari akupe kitu kingine, kwa kawaida wanaanza na paracetamol. Na zile enaji za kwenye kopo za kukufanya usisinzie, kafeini yake inapandisha presha, bora ulale saa moja kwenye kibanda.

Ulimi utakusumbua wiki mbili tatu za mwanzo, kila kitu utasikia kama karatasi. Beba ndimu kwenye gari na pilipili mbichi. Baadaye ukirudia mchuzi wa zamani utashangaa mwenyewe ulikuwa unakunywaje bahari.

Musawo nnyabo, mume wangu anasafishwa damu pale hospitali ya Kiruddu mara mbili kwa wiki. Siku ya mashine tukitoka ananiambia leo damu ni safi naweza kula chochote, anataka chipsi kuku na kola baridi, mimi nakatalia tunagombana njiani mpaka watu wa teksi wanatuangalia. Nyumbani nilishaacha kumpikia nyama kabisa kwa sababu nilisikia protini inaua figo. Nani ana haki?
*Mama wawili, Makindye*

Nnyabo, mmoja ana haki kwenye kuku na mwingine kwenye chipsi, na samahani wewe ndiye umekosea kwenye kuku.

Kupunguza protini ni kwa watu kama dereva hapo juu ambao hawajafika kwenye mashine. Akishaanza kusafishwa damu mambo yanageuka, mashine inaondoka na protini yake kila mara, na sasa anahitaji gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo. Kwa hiyo kuku mpe, yai mpe, samaki mpe, leo leo. Kuku wa kuchoma ama wa kuchemsha nyumbani bila vidonge vya supu, ama wa nje ukimvua ngozi.

Lakini hiyo ya "damu ni safi naweza kula chochote" nimeisikia mara nyingi sana na inanitia hofu. Mashine imetoa ya juzi na jana. Anachokula jioni hii kitakaa ndani mpaka siku ya mashine nyingine, na kwa mtu wa mara mbili kwa wiki hiyo ni siku tatu, hata nne, hakuna mahali pa kutokea maana mkojo wenyewe ni kidogo ama haupo. Ule mwanya mrefu ndio wa hatari. Viazi vina potasiamu nyingi, na kukaanga hakuitoi, inabaki humohumo. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama, na mara nyingi haitoi onyo, ila ukimwona miguu imelegea ghafla ama moyo unapiga ovyo msisubiri siku yake ya mashine, nendeni hospitali usiku huohuo.

Chipsi mtengenezee mwenyewe. Menya viazi, kata vyembamba, tia kwenye maji mengi, chemsha mpaka vianze kulainika, mwaga yale maji, acha vikauke kisha kaanga. Inatoka kama nusu ya potasiamu. Wengi wanaloweka tu kwenye maji baridi usiku kucha wakidhani inatosha, haitoshi, lazima vichemke. Matooke na viazi vitamu ni vivyo hivyo, na hata hivyo kiasi kidogo, sio sahani yenye mlima. Mchuzi ule uliochemshiwa msinywe.

Gonja niliyomruhusu dereva, mume wako hapana. Avokado hapana. Soda hesabu kama maji yake ya siku, na kola iondoe kwa sababu ya ile fosforasi, mashine haiitoi vizuri. Kama amepewa vidonge vya kufunga fosforasi, kwa mfano calcium carbonate, vinafanya kazi vikiingia tumboni pamoja na chakula tu. Watu wanavimeza asubuhi peke yake na chai wakidhani wamemaliza! Aviweke mfukoni, akila sambusa yenye nyama barabarani ameze na sambusa.

Na kugombana kwenye teksi acheni, mkifika nyumbani mgombane.

Musawo, huku kwetu tunatumia chumvi ya Katwe, ya ziwani, ya asili haina kemikali. Mzee wangu ana figo, nimemwambia hii haina shida. Pia kuna mtu ananiuzia chumvi ya pakiti imeandikwa sodiamu kidogo. Ipi ni bora?
*Kijana wa Kasese*

Hakuna. Ziwa Katwe limetoa chumvi kwa vizazi na vizazi na naiheshimu, lakini asili yake haibadilishi kitu, sehemu kubwa ni sodiamu kloraidi sawa na ya dukani, figo ya mzee haiulizi imetoka ziwani ama kiwandani. Ile ya pakiti mrudishie mwenyewe haraka zaidi, kwa sababu mara nyingi wanapunguza sodiamu wakaweka potasiamu kloraidi mahali pake, na kwa mtu mwenye figo mbovu hiyo ndiyo inaweza kumpeleka wodini. Soma nyuma ya pakiti. Mzee mtilie ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, dhania.

Musawo mimi ni mchoma rolex Wandegeya, wateja wangu wengi ni wanafunzi lakini siku hizi kuna wazee wawili watatu wanakuja wanasema usitie chumvi, wengine presha wengine figo. Nikiwatilia bila chumvi wanasema haina ladha hawarudi. Nifanyeje, na niwatoze zaidi kwa sababu ya kazi ya ziada?
*Mchoma rolex*

Ssebo umenifurahisha kuliko barua zote. Wewe una silaha ambayo daktari hana, unapika mtu akikuangalia.

Najua saa ya shughuli baadhi yenu mnavunja mayai mengi kwenye jagi moja mnatia chumvi mara moja. Acha hiyo. Vunja mayai ya mtu kwenye kikombe chake, chumvi iwe ya mwisho na umuulize kila mteja, hata mwanafunzi, utashangaa wangapi watasema kidogo. Ladha itafute kwenye kitunguu, na ukikaange kwanza mpaka kibadilike rangi, usikitie kibichi. Pilipili hoho, kabeji kidogo, dhania uikatie mwisho, na ndimu ikamuliwe juu kabla ya kukunja, hiyo ndimu ndiyo inaudanganya ulimi. Nyanya kwa mtu wa figo vipande viwili vitatu havina neno isipokuwa mwenyewe aseme potasiamu yake iko juu. Viungo vya unga vya pakiti usitie, vingi chumvi imo ndani tayari, utakuwa umemdanganya mzee wa watu. Na mafuta yale ya jana yamwage.

Unga wa chapati nao ukiweza kanda mafungu mawili, dogo moja lisilo na chumvi, lifunike kwa nailoni ya rangi nyingine usije ukachanganya. Wakiona umewatengea chapati zao hao wazee watakuletea na wenzao wa kliniki.

Bei usipandishe. Utakuwa umewauzia nini cha zaidi, hewa?